Mfupa wa Kooni

Kwanza ni ule mfupa uliomchoma kidole. Atuganile alikuwa akipara samaki wa ziwa Kisiba, wale wadogo wasiozidi kiganja, akaingiza kidole kooni, akachomwa. Akautoa. Kifupa cha pembetatu, vijino vyake vyembamba kama sindano. Samaki mwenyewe alikuwa wa buluu, wa kilindini. Akapasua koo la mwingine, wa njano, aliyevuliwa ukingoni penye matete. Kifupa chake kilikuwa kinene, vijino butu kama magego.

Tangu siku hiyo hakupara samaki bila kumchungulia koo. Wa njano tumboni walikuwa na wadudu wa matopeni na vikonokono. Wa buluu walikuwa na ujiuji wa vidudu vya majini. Mwaka mzima, katika mamia, aliowakuta hawaeleweki ni wa upande gani hawakuzidi vidole vya mkono mmoja.

Akamweleza mumewe, Amoni, wakiwa wanakula.

"Samaki wa ziwa moja hao, mke wangu."

"Mbona makoo yao hayafanani?"

"He! Darasa la tatu hukumaliza, leo umekuwa daktari wa samaki?" Amoni akacheka, akachukua ndizi nyingine. Atuganile akaokota mifupa ya sahani yake. Kunyamaza alikuzoea.

Mwaka ule kijiji chao cha ujamaa kilichimba bwawa la samaki. Mzee Anyelwisye, baba yake Amoni, alitoa shamba lake. Migomba yake themanini ikakatwa, watu wakachimba miezi mitatu. Ndipo akaja bwana samaki, Ackson, kijana wa soksi ndefu, kuchagua samaki wa mbegu.

"Ndugu zangu, ni rahisi," alisema ufukweni. "Buluu ni dume, njano ni jike. Hawa wa kijivu ni watoto, warudisheni majini wakue."

Atuganile alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, debe mkononi. Hao wa kijivu ndio aliowakuta na mayai, wengine wameyajaza mdomoni kwa kuyalea! Wa buluu na wa njano hakuwahi kuwakuta na yai hata moja. Lakini kando ya Ackson alisimama Mzee Anyelwisye, na kwa Wanyakyusa mke wa mtoto haoneshi uso wala hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Akageuka, akajifunika khanga kichwani, akauma pindo lake. Nyuma yake aliwasikia majike wakimwagwa ziwani, ndoo baada ya ndoo.

Jioni alimwambia Amoni, "Mwambie bwana samaki amekosea."

"Nimsahihishe mtu wa serikali mbele ya baba? Kwa maneno ya jikoni?"

Kesho yake akamwambia tena. Wiki iliyofuata akamwambia tena. Mwisho Amoni akawa anatoka nje akiona mkewe ameshika samaki.

Miezi mitano ikapita. Bwawani hakikuonekana kifaranga cha samaki hata kimoja. Ackson akarudi, watu wakakusanyika.

"Samaki wenu ni wavivu," alisema. "Nitaandika kwamba bwawa limeshindikana. Lifukieni, mpande mahindi."

"Labda wamefundishwa uzazi wa majira!" mmoja akatania, watu wakaangua kicheko.

Mzee Anyelwisye hakucheka. "Migomba yangu themanini," alisema polepole, kama anayejisemea. "Basi nimeyalisha maji."

Atuganile alimtazama Amoni. Amoni alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Akasimama katikati ya wanawake. Akampa baba mkwe mgongo, uso akauelekeza kwenye migomba iliyobaki, khanga kichwani. Sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Bwawa halina kosa. Humo mmeweka madume watupu."

Vichwa vikageuka.

"Nani huyo?" Ackson akauliza. "Hebu geuka, mama."

"Sigeuki, mkwe wangu yupo. Majike ni wale wa kijivu uliowamwaga. Na ukiwafuata tena, wa ukingoni waweke peke yao, wa kilindini peke yao, maana hata majike makoo yao hayafanani. Nadhani zamani wote walikuwa ukoo mmoja wa ukingoni. Wengine wakashuka kilindini. Huko aliyezaliwa na mfupa mwembamba alishiba akazaa, mwenye mfupa mnene akalala njaa. Wakaenda hivyo, mtoto kwa mtoto, mpaka wa chini hamtaki tena wa juu." Akakaza khanga kichwani. "Nimeyaweka haya moyoni mwaka mzima na miezi. Wanaachana, bwana samaki. Mimi ndiye ninayewapara, na kila siku nawaona wanaachana."