Gari Lililogoma Asubuhi

Siku Dada alipofariki, gari liliwaka mara tu alipozungusha ufunguo, kama lilivyowaka siku zote. Alipeleka mashuka zahanati, akarudi, akaliingiza uani kinyumenyume na kushuka huku amejishika kichwa.

"Nijilaze kidogo," alimwambia mdogo wake, aliyekuwa barazani akipiga pasi. "Ukimaliza hayo ya bluu uniamshe."

Mdogo mtu alimaliza ya bluu, akaenda kumwamsha. Siku hiyo hakumaliza kitu kingine.

Mume wa Dada ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari hilo hilo, na jioni ndiye aliyerudi peke yake. Aliingia pua mbele hadi gari likakaribia kugusa ukuta wa jiko, akazima, akabaki ameshika usukani. Watu walipoanza kufika walipanga viti kulizunguka. Hakuna aliyeligusa mpaka mazishi yakapita.

Ndugu hao wawili walikuwa wakifua mashuka ya zahanati moja ya jirani. Mkubwa aliendesha na kufua, mdogo alisuuza na kunyoosha, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Pasi. Mkubwa walimwita Rivasi. Geti lao lilikuwa jembamba, na ua wao uliteremka kutoka jikoni hadi getini kiasi kwamba maji ya kufulia yalijiendea yenyewe barabarani. Kila jioni Dada alisimamisha gari nje, akapiga honi, akageuza shingo na kulirudisha nyuma hadi jikoni, vioo vikipita kwenye nguzo kwa unene wa kidole.

"Rivasi, mbele kuna nini kinachokutisha?" majirani walimtania.

"Mimi nikiamka nataka kuondoka, sitaki kugeukageuka," alijibu, na wote wakaona jibu hilo linatosha.

Pasi naye alikuwa na leseni. Dada alimfundisha kwenye uwanja wa mpira, siku za mapumziko, lakini kwenda mbele tu. "Rivasi nitakufundisha siku utakapoacha kufumba macho," alisema.

Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi, kwa kuwa gari lilipaswa kutoka kinyumenyume, shemeji alikaa kwenye usukani na Pasi akakaa upande wa abiria, mahali pake pa siku zote, mashuka yamefungwa nyuma. Ufunguo ulizungushwa. Injini ilizunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haikushika. Ikazungushwa tena. Ilizunguka mpaka betri ikaanza kulegea, na shemeji akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Labda na lenyewe linaomboleza," alisema.

Liliwaka jua likiwa limeshapanda, likatoa moshi mweupe uliojaa ua wote. Kuanzia hapo lilifanya kazi kutwa bila kukohoa. Kesho yake likagoma tena. Ikawa hivyo kila asubuhi: mchana zima, asubuhi mgonjwa.

Waliita fundi, mtu wa makamo aliyependa kuongea na magari kabla ya kuongea na wenyewe. Alisafisha vichwa vya betri, akabadilisha chujio la dizeli, akapima plagi zinazopasha injini moto.

"Starta inazunguka kama feni," alisema, akijifuta mikono. "Betri nzima. Plagi nzima. Huyu mgonjwa hana ugonjwa."

"Basi asubuhi njoo ulale naye," shemeji alimjibu.

Fundi hakukasirika. Alilichukua gari, likalala gereji kwake. Asubuhi alipiga simu: limewaka mara moja, waje wachukue. Wakalichukua wakiwa na furaha ya watu waliochoka, wakalirudisha nyumbani. Kesho yake likagoma.

"Linatuchukia sisi," shemeji alisema. "Kwa fundi linawaka, kwetu halitaki. Hata gari linajua nyumba hii mwenyewe hayupo."

Pasi alirudi kwenye beseni lake. Siku hizo alikuwa hana maneno mengi. Alifua mwenyewe, akasuuza mwenyewe, akainama kwenye beseni mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na usiku alilala usingizi usiopumzisha. Asubuhi alikaa kwenye kiti cha abiria akisikiliza injini ikizunguka bure, na mashuka safi yakipoa nyuma yake.

Huko zahanati, msimamizi wa wodi, waliyemwita Sista, alivumilia kadiri alivyoweza. Siku moja alimvuta Pasi pembeni, kwenye kona ya dawa.

"Pole zangu ni za kweli, mwanangu. Dada yako nilimpenda. Lakini mama akijifungua alfajiri hawezi kusubiri mpaka gari lenu lipate moyo. Mashuka ya wodi ya wanaume nimeshampa mwingine. Mkichelewa tena wiki ijayo, na ya wodi ya wazazi yanaondoka."

"Nimekuelewa, Sista."

"Sikutishi, unanielewa?"

"Nakuelewa."

Alipofikisha habari hiyo nyumbani, shemeji alikuwa amekaa kizingitini anavua viatu. Alikuwa karani wa ghala, na huko kazini nako walianza kutazama saa kila alipoingia.

"Shem, tuliuze," alisema. "Kuna yule jamaa anayeuza mchanga, analitaka. Nimemwambia aje Jumamosi alione."

"Na kazi?"

"Kazi ipi? Kila asubuhi naanza siku yangu kwa kushindwa. Nikifika ghalani nimeshachoka, na siku haijaanza." Alishika kiatu kimoja mkononi kama aliyesahau kinavaliwa wapi. "Gari lilikuwa lake. Lilimtii yeye. Mimi siwezi."

Pasi alitaka kumwambia kwamba bila gari hakuna mashuka, na bila mashuka yeye atakuwa anasuuza nini ndani ya ua ule, lakini aliona yule mtu analijua hilo. Akamtengea chai.

Asubuhi iliyofuata alitoka mapema, kabla shemeji hajavaa, akaenda kukaa garini mahali pake. Hakuwa na sababu, ila hapo ndipo alipokuwa akikaa na dada yake wakisubiri kupambazuke vizuri, wakinywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Aliweka kikombe chake juu ya dashibodi. Kikateleza, kikamjia mapajani.

Alikipangusa, akakirudisha. Kikamjia tena.

Akakishika mkononi, akatazama mbele. Mbele kulikuwa na ukuta wa jiko, na madoa meusi ya moshi. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kuutazama ukuta ule akiwa kwenye kiti hicho. Hakuwahi. Kila asubuhi ya maisha yao na gari lile, yeye na Dada walikuwa wakitazama geti. Na siku hizo kikombe kilikaa palepale, kwenye ukingo wa kioo, hakikudondoka.

Alimwamsha shemeji.

"Gari limelala vibaya."

"Limelala vipi?"

"Kichwa juu, miguu chini. Dada alikuwa akililaza kichwa chini."

Shemeji alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Shem, gari si mtoto mchanga."

"Kwa fundi lililala vipi?"

Shemeji alichukua simu. Walimpigia fundi. Akasema gereji kwake gari lilisimama karibu na shimo la kubadilishia mafuta, ambako ardhi inainama, pua chini kidogo. "Msiliwashe," alisema. "Nakuja."

Alikuja na tochi, akalala chali chini ya gari. Walimsikia akiguna, kisha akacheka, cheko fupi la mtu aliyejionea aibu kidogo.

"Nani aliyefunga hapa kitambaa?"

Alimwelekeza Pasi mahali pa kutazama. Kwenye bomba la mpira linalotoa dizeli kwenye tangi kuja mbele, palikuwa na kitambaa kimefungwa kwa fundo dogo la kukaza, jeusi kwa mafuta. Pembeni pake ulikuwa bado unaonekana mstari wa bluu. Pindo la shuka la wodi.

"Bomba lina ufa," fundi alieleza kutoka chini. "Mdogo, haudondoshi, ila unavuta hewa. Gari likilala pua juu, usiku dizeli yote inarudi zake kwenye tangi, asubuhi injini inakuta hewa tupu. Likilala pua chini, dizeli inabaki mbele. Marehemu alijua. Alifunga kwanza kitambaa, akaona hakitoshi, akaamua kulilaza hivyo."

"Kwa nini hakusema?" shemeji aliuliza.

Pasi alijua. Kusema kungekuwa kulalamika, na Dada alilalamikia kichwa tu, mara moja.

Bomba jipya lilihitaji kuagizwa, na mpaka lifike wiki ingekwisha. Jioni hiyo Pasi alisimamisha gari nje ya geti, akageuza shingo. Shemeji alisimama uani akimwelekeza.

"Kata. Kata tena. Nyoosha. Shem, fumbua macho."

"Nimefumbua."

"Fumbua yote mawili."

Kioo cha kushoto kiligonga nguzo, kikajikunja, na rangi ikabaki pale. Alitoka, akaingia tena, akatoka. Jirani mmoja alifungua dirisha ili atanie, akaona ni nani, akalifunga taratibu. Giza lilikaribia kuingia gari lilipokaa mahali pake, kisogo jikoni, pua getini. Shemeji aliokota jiwe, akaliweka chini ya gurudumu, akampigia jamaa wa mchanga kumwambia asije.

Asubuhi Pasi aliweka kikombe juu ya dashibodi, akazungusha ufunguo. Liliwaka.

Alikaa kidogo mikono ikiwa mapajani, injini ikitetemesha kiti kitupu cha abiria. Kisha akaondoka, kwa sababu mashuka yalikuwa nyuma.

Bomba jipya limefika na limefungwa, kwa hiyo sasa gari linaweza kulala vyovyote. Pasi huliingiza kwa rivasi. Mashuka ya wodi ya wazazi hufika kabla ya zamu ya asubuhi. Ya wodi ya wanaume anafua mtu mwingine.