Plasta ya Mgomba

Mama alimkanda binti yake begani kwa taulo la moto, juu ya plasta ya dawa. Dawa ya siku nzima ikaingia mwilini kwa mpigo, pumzi ikakatika, na binti alipozinduka hospitalini, mkono wa kulia haukuamka naye. Binti huyo ni fundi cherehani.

Mumewe, mchomelea mageti, aliingia ofisini kwa daktari wa utafiti bila hodi, viatu vikimwaga vumbi la chuma sakafuni. Daktari huyo ndiye aliyeibandika ile plasta, akiisifia: chembe ndogo kuliko vumbi, zilizotengenezwa kwa nyuzi za mgomba, zinazopenyeza dawa ya maumivu kwenye ngozi polepole.

"Pole sana, kaka. Joto huzifanya zile chembe ziachie dawa yote."

"Mlijua?"

"Maabara, ndiyo."

"Na sisi?"

Daktari alijikuna shingo. "Hatukufikiria kuna mtu angeikanda."

"Bega linauma, lisikandwe? Kwenu mkiumwa bega mnaliimbia?"

Daktari alivuta faili mezani, akalifungua.

"Mama mkwe alikuuliza mbele yangu kama ina madhara. Ukacheka. 'Mama, ni mgomba tu huu.' Ungemwambia ni dawa kali, asingeisogelea hata na maji ya uvuguvugu!"

Matusi yalimjaa mdomoni, akayameza. Alikuwa na shida.

"Yule mama hali chakula. Anasema amemuua mtoto wake angali hai. Nimembembeleza, mke wangu kambembeleza, hasikii. Twende ukamwambie, kwa mdomo huohuo uliocheka, kwamba kosa ni lenu."

"Ningependa, kaka. Wakubwa wamenikataza kuongea na familia."

"Na sasa hivi unaongea na nani, kabati?"

Daktari alitazama mlango. Hakuinuka.

Mchomelea mageti akausukuma ule mlango kwa kiwiko, ukagonga ukuta, akarudi peke yake. Alimkuta mama mkwe uani, mikono kaikalia kama kitu cha wizi.

"Amekuja?" aliuliza.

"Hajaja, mama."

"Si nilikwambia, mwanangu. Anajua ni mimi."

Basi hasara ni hii: mkono mmoja wa kushonea. Cherehani mbili zilizofunikwa shuka. Na bibi ambaye mjukuu akimnyooshea mikono abebwe, anarudi nyuma.