Mnada wa Treloar

Siku ya thelathini na nane tangu atunguliwe, Denzil Treloar alirudi uwanjani, nje ya Aleksandria, amevaa suruali ya mvuvi wa Kigiriki aliyemwokoa baharini na kumficha kwake. Marubani wenzake wa kikosi cha ndege za manowari walikuwa wanakunywa chai nje ya hema.

"Huna adabu," akasema kamanda wao, waliyezoea kumwita Mzee. "Tunakulilia wiki nzima, halafu unakuja kudai chai?"

Wakamvamia kwa vicheko. Giles Aldous peke yake hakuinuka. Alikuwa amevaa sweta la buluu, lile alilofuma mama yake Treloar kule Cornwall.

"Vitu vyako tulivinadi, ndugu yangu," mmoja akamweleza. "Sweta Aldous alilipigania mpaka tukamwachia."

Treloar aliijua desturi. Baharia akifa, hata awe rubani, wenzake hununua vitu vyake kwa bei ya kichaa, makusudi, ili mama mtu apate chochote. Hilo halikumuudhi. Lakini aliyepotea hanadiwi, hunadiwa aliyekufa. Sasa nani aliwaambia amekufa?

Akaingia hemani, akafungua kitabu cha kikosi. Siku yake ilikuwepo: Aldous aliiona ndege ya Treloar ikizama naye ndani. Hakuna aliyetumwa kutafuta.

Akakaa, kitabu mapajani. Siku ile alikuwa juu ya boti lake la mpira, anapunga mkono mpaka bega linauma, na Aldous akashuka na ndege yake chini kabisa, akamtikisia mabawa. Kwa marubani hiyo ni ahadi: nimekuona, naleta watu. Siku tatu Treloar alikodolea macho upande alikoelekea rafiki yake, midomo imepasuka kwa chumvi. Hata akamwombea, akidhani naye ametunguliwa. Mjinga yeye!

Aldous akaingia.

"Ulinitikisia mabawa, Giles."

"Ndiyo."

"Na hiki ulichoandikisha hapa?"

"Ningesema u hai, ningerudishwa kuwaonyesha ulipo. Wajerumani walikuwa bado wanazunguka pale. Niliogopa, Denzil."

"Ungesema umeogopa. Angekwenda mwingine."

Aldous akaanza kulivua sweta. "Chukua."

"Kaa nalo. Mwambie Mzee ukweli, basi, mimi sitaki kingine kwako."

Kabla Aldous hajajibu, Mzee akachungulia, uso umemchangamka. "Treloar, ukishapona unaruka na Aldous, kama zamani. Atakulinda mgongo. Au vipi, Aldous?"

Treloar akamtazama rafiki yake. Moyo wake, pamoja na yote, ulikuwa bado unamsubiri.

"Sawa, Mzee," akasema Aldous.

Treloar akafunga kitabu taratibu, akampa kamanda.

"Nipe mtu mwingine, Mzee. Nipe hata mpishi. Ukitaka kujua kwa nini, soma siku niliyokufa, halafu muulize mwenye sweta langu."