Kikombe cha Simeo

Nina ugonjwa mmoja: sivumilii takataka kwenye picha. Mke wangu, Josefina, husema nikiitwa kupiga picha za harusi nitaanza kwa kufagia ukumbi. Ni utani wake wa zamani, ila siku hizi haunichekeshi.

Novemba ile, mwezi wa kuwaombea marehemu, tulitoka Handeni mapema kwenda Korogwe, mimi, Josefina na mama yangu, Yusta. Mimi nilifuata magofu ya monasteri ya mabruda, pembeni ya shamba la zamani la mkonge: kuta za mawe, madirisha ya upinde, paa hakuna. Mama alifuata kaburi la Simeo, kaka yangu, aliyefariki akiwa na miaka mitatu, mimi sijazaliwa. Wazazi walikuwa wakikata mkonge pale. Tangu wahamie Handeni, mama hakuwahi kurudi.

"Msalaba ulikuwa wa mti, mchwa watakuwa wameshaula," alisema garini. "Ila nikikiona kikombe chake tu, yatosha."

"Utakiona, mama," nilimjibu. Nasema ukweli: sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nawaza jua lisije likapanda kabla sijafika.

Tulipofika, mama alishuka taratibu kwa sababu ya magoti yake, Josefina akamshika mkono. Sikuwasubiri. Nilichukua kamera nikatangulia mbio.

Magofu yalikuwa mazuri kuliko nilivyosimuliwa. Mtini ulikuwa umeota juu ya ukuta wa altare, mizizi imeyakumbatia mawe. Lakini mbele ya ukuta ule, kwenye nyasi, vyombo vya bati vilikuwa vimezagaa: bakuli, sahani, vikombe, vyote vimetoboka kitako. Nikapandwa na hasira. Watu wanakuja kula na kunywa mahali patakatifu, halafu wanaacha uchafu wao! Nikaviokota vyote, kama kumi na viwili hivi, nikavirundika nyuma ya ukuta. Kisha nikapiga picha zangu, na zilipendeza.

Mama alipofika alisimama, akatazama zile nyasi, akanitazama mimi.

"Raymond, vyombo viko wapi?"

"Vyombo gani, mama?"

"Vya makaburi. Sisi tuliotoka kusini kuja kukata mkonge, saruji tungeipata wapi? Mtu akifa tunamwekea juu chombo alichokuwa akitumia, tumekitoboa kisiibwe. Ndiyo alama yake."

Nilimwonyesha lile rundo. Aliinama, akapekua kwa mikono miwili, bati likigongana, mpaka akatoa kikombe cheupe chenye ukingo wa bluu, kimeliwa na kutu.

"Hiki hapa. Ulikitoa wapi, mwanangu?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Neno moja tu. Makaburi yalikuwa yameshalala sawa na ardhi, nyasi zimefunika kila kitu, na kabla ya kusafisha sikuwa nimepiga hata picha moja. Nilimtazama alivyokikumbatia kifuani, baada ya miaka arobaini ya kungoja. Nikaona aibu, na aibu ikanifanya mwongo.

"Pale," nikanyoosha kidole.

Josefina alinitazama, kisha akalitazama lile rundo.

Mama alipiga magoti, akang'oa nyasi, akakiweka kikombe na kukikandamiza kwenye udongo. "Simeo, mwanangu, usininunie. Nimechelewa, lakini nimekuja. Mdogo wako ndiye aliyenileta." Akalia, kisha akacheka kidogo, akaanza kumsimulia jinsi baba alivyofariki.

Mimi nilivirudisha vile vingine kwa kukisia, kimoja huku, kingine kule. Wenyewe wakija watamlilia nani, Mungu ndiye ajuaye.

Huu ni mwaka wa nne sasa. Mara mbili nimedhamiria kumwambia, na mara mbili nimeishia kumuuliza kama ameshakula. Kila Novemba namshika mkono hadi pale, naye humpa Simeo habari za nyumbani: mahindi yalivyokauka, wajukuu walivyofaulu. Novemba iliyopita, tukiwa tunaondoka, alinishika bega.

"Siku yangu ikifika, usinizike Handeni. Nilaze hapa, ubavuni mwa mwanangu."

Nikamwahidi.