Weka Kivuli Ndani ya Duara

Usiku wa kuamkia leo, siku ambayo watoto wangu wa darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa, niliota tuko kwenye chumba cha mtihani na msimamizi ni penseli. Penseli ndefu, imefunga tai. Hakuna aliyeshangaa. Nikajitambulisha kwamba mimi ni Mwalimu Tabu, nafundisha Kiswahili. Ikaniambia nikae nyuma na nisikohoe.

Ikasoma maelekezo, yale yale niliyowakaririsha watoto mwaka mzima: weka kivuli ndani ya duara la jibu sahihi. Kisha ikafafanua kwamba kivuli kinachotakiwa ni cha mtahiniwa mwenyewe.

Watoto wakainama, wakavua vivuli vyao visiginoni kama mtu anavyovua soksi, wakaanza kuvikunja. Wanakunja, wanakalia, wanasukumiza kwenye kiduara kidogo kama punje ya dengu. Nilikuwa nimewafundisha vizuri.

Aliyeshindwa ni Nyamizi. Huyu ndiye anayeniuliza maswali mpaka kengele inagongwa. Juzi aliandika insha ya mbuzi aliyegombea uenyekiti wa kijiji, darasa likacheka hadi mwalimu mkuu akaja kuchungulia dirishani. Kivuli chake kilikuwa kirefu na kimejaa vitu: mbuzi yumo, ngoma imo, na vingine hata mimi sikuvijua. Akikikunja upande huu, kinafumuka upande ule.

"Kilichozidi kinakatwa," penseli ikasema, ikatoa mkasi.

Nyamizi akaiamkia shikamoo, akaomba aulizwe swali kwanza. Ikamuuliza mvua inatoka wapi.

"Leo itatoka upande wa Igunga," akajibu. "Naisikia harufu yake."

"Igunga haimo kati ya A na E."

Mara hatupo tena darasani. Tuko kwenye ghala la pamba, na penseli inapima vivuli kwenye mizani. Kila kilichokatwa kina uzito sawa na mwenzake, na penseli imeridhika kabisa, inasema hiyo ndiyo haki. Namtafuta Kashindye, yule anayefufua redio mbovu za mtaa mzima, nimpe moyo. Simwoni. Yupo, ila siwezi kumtofautisha na aliyekaa pembeni yake.

Mkasi umeshafika kwenye ngoma ya Nyamizi.

Nainuka, nakohoa makusudi, nachukua raba, nainamia karatasi ya Nyamizi.

"Mwalimu, usinifutie jibu langu," Nyamizi ananiomba.

"Sifuti jibu, mwanangu. Nafuta duara."

Nafuta kwa nguvu zangu zote. Ukingo unalegea, unakatika. Kivuli cha Nyamizi kinamwagika sakafuni, ngoma inalia, mbuzi anaruka juu ya mizani. Vivuli vya wenzake navyo vinakunjuka, vipande vilivyokatwa vinarukia mahali pake, na kimoja kinatoka mbio kikiwa na waya za redio mgongoni. Watoto wanavikimbiza huku wanacheka. Mvua inaingia mlangoni, imetoka Igunga.

Penseli, imelowa tai yote, ikaniuliza kwa utulivu ni nani sasa atakayesahihisha vitu vyote hivi. Nikasema ni mimi, nitavisoma kimoja kimoja hata nikizeeka navyo, na sikumbuki lini nilisema neno kwa furaha kama ile. Ikaniambia basi nichukue kivuli changu niondoke. Katika vurugu zile nikadaka kilichokuwa karibu, nikakivaa, nikaamka.

Jua lilikuwa limeshachomoza. Nikatoka uani na mswaki, bado natabasamu peke yangu. Ukutani, kivuli changu nacho kilikuwa kinapiga mswaki. Kilitumia mkono wa kushoto.

Mimi natumia wa kulia. Darasani kwangu anayetumia wa kushoto ni mmoja tu, Nyamizi, na mtihani unaanza saa mbili. Nikatema povu, nikakimbia.