Cheti cha Kuzaliwa cha Mfumo

Fundi mkuu alimwona shemeji yake si lolote si chochote. Mdogo wake kaolewa naye, heri na iwe, lakini ndani ya karakana ya mfumo endeshi, programu mama ya kompyuta, yule bwana alikuwa mzigo mtupu. Na siku hiyo kaja na jipya.

"Shemeji, programu yetu ya kusasisha ikishaweka toleo jipya inafuta taarifa za uundaji. Hatujui tena toleo limeundwa kwenye kompyuta ya nani, wala lini. Nimeirekebisha, sasa inazihifadhi."

Fundi mkuu akasonya, msonyo wa kusikika hadi chumba cha seva. "Mteja anataka mashine iwake, wewe unamletea cheti cha kuzaliwa? Haya, weka, mradi uniache nipumue." Akaidhinisha bila kusoma hata mstari. Asome kazi ya huyu? Thubutu!

Wiki mbili baadaye, toleo jipya likaangusha kompyuta za mapokezi katika zahanati arobaini. Wagonjwa walijipanga mpaka nje. Mkurugenzi akawakusanya mafundi wote.

"Sheria ni moja: tunaunda kwenye seva ya pamoja tu. Kuna mtu kaunda kwenye kompyuta yake. Nikimjua, leo hii anaondoka."

"Wa kutafutwa hapo nani?" Fundi mkuu alimpandisha na kumshusha shemeji yake kwa macho. "Mtu hata kufunga mabano kunamshinda!"

Mke wa shemeji alikuwa na mimba ya miezi saba, na nyumba nzima ilitegemea mshahara huu.

"Tufungue hilo faili lake la taarifa za uundaji," fundi mkuu akasema, akiwa na raha zake. "Aumbuke kwa mkono wake mwenyewe." Akalionyesha faili la kompyuta ya zahanati moja kwenye skrini ya ukutani, akasoma kwa sauti ya mwalimu anayetangaza waliofeli. "Limeundwa Ijumaa. Saa kumi na dakika hamsini jioni. Kwenye kompyuta ya..."

Akakwama. Ijumaa ile seva ya pamoja ilikuwa na foleni ndefu ya kazi, naye alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Foleni, alijiambia siku ile, ni ya wadogo.

"Endelea," mkurugenzi akasema.

Hakukuwa na haja. Chumba kizima kilikuwa kimeshalisoma jina lake.

"Mimi niliona tangu asubuhi, shemeji," yule bwana akasema polepole. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."