Shati la Baba

Jumapili ile fundi cherehani alifunga kibanda chake mapema ili ampeleke baba yake kupunga upepo. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumponyoka mzee, na daktari alishauri atembezwe. Wakaenda ufukwe mpya, pale ghuba ilipofukiwa kwa kifusi ikajengwa mikahawa, bembea na vijia vya matembezi.

Binti alimketisha mzee kwenye benchi, akageuka kununua maji tu. Kufumba na kufumbua, benchi tupu.

Mwanzo alitembea. Kisha akakimbia, viatu mkononi. Kila mvi aliyoiona aliifuata, na kila aliyegeuka hakuwa yeye. Kilichomtia kiwewe zaidi ni ukingo: ukuta wa zege usiofika goti, halafu maji ya kina, hakuna hata pa kukanyaga. Kila hatua alichungulia chini, roho mkononi.

“Amevaa shati la rangi gani, dada?” mlinzi wa ufukwe akamuuliza, redio ya upepo mdomoni.

Rangi haikumjia. Shati lile alilishona mwenyewe, na asubuhi ndiye aliyemfunga mzee vifungo.

“Nimelishona mimi,” alisema.

“Sawa, lakini rangi?”

Akakaa chini palepale kwenye vigae, akalia.

Saa nzima ilipita ndipo redio ikakoroma. Kulikuwa na mzee kwenye ngazi za boti za kutembeza watu, suruali imeloa hadi magotini, anamuulizia mkewe. Mkewe huyo, mama yake fundi, alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita.

Fundi alifika akihema, akamshika mkono. Mzee akauchomoa.

“Niache, dada. Namngoja mke wangu.”

“Baba, ni mimi, mwanao.”

“Mwanangu ana miaka sita.”

Watu wakaanza kusogea. Mlinzi akauliza kwa upole, “Mzee, huyu unamfahamu?”

“Simfahamu.”

Binti akatoa simu, akaonyesha picha zake na baba yake moja baada ya nyingine. Mlinzi akaridhika. Mzee alizitazama zote, akatikisa kichwa.

“Wewe kijana una adabu,” akamwambia mlinzi. “Nitafuatana nawe. Huyu mama simtaki.”

Wakaelekea kwenye teksi hivyo: mzee ameshikilia mkono wa mlinzi, akimsimulia habari za mkewe, na binti nyuma yao hatua kumi. Alipojaribu kuzipunguza, baba yake aligeuka, akamwona, akaongeza mwendo.